Maji ya Arobaini ya Arafa

Kule Idsowe, kando ya mto Tana, mwanamke akizaa hukaa siku arobaini bila kuosha nywele. Mama mkwe wake humpaka samli iliyochanganywa na manjano na liwa, asubuhi na jioni, mpaka mto wa kulalia ukageuka njano. Siku ya arobaini ndipo majani ya mkunazi yaliyotwangwa hutiwa maji, yakatoa povu, na mzazi akaoshwa uani mbele ya wanawake wenzake. Maji ya kwanza hayamwagwi ovyo. Huachwa yatulie katika bakuli kubwa la mti, na wanawake wakainama kutazama macho ya mafuta yanayoelea juu. Macho yakiwa mengi, husemwa: huyu katunzwa. Kisha maji yale humwagwa shinani mwa mgomba uliopandwa kwa jina la mtoto.

Arafa aliyajua hayo yote tangu yu mtoto. Ndiyo maana hata sasa, binti yake Tuneya ameshaota meno yote, mtu akimtajia ile chupa huinamisha uso na kutafuta ncha ya leso.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Wenje, amesoma hadi darasa la nne. Maandishi ya kwenye makopo na magunia hayakumpita. Mumewe, Athman, alikuwa mvuta kamba wa pantoni pale Garsen, na nyumbani alikuja siku ya Ijumaa tu. Mwaka ule wa hamsini na sita Arafa alipojifungua, Athman alikuja kumwona mtoto, akaketi kizingitini kama mgeni, hajui mikono aiweke wapi. Akaanza kusimulia habari za kivukoni.

"Juzi kavuka bibi mmoja na gari lake. Nywele zake, mama wee, zilinukia pantoni nzima! Mwenzangu kaachia kamba."

Mama yake Athman, Bi Madina, akacheka mpaka akashika mbavu. Arafa hakucheka. Alijinusa begani polepole. Samli ya siku kumi na tatu, joto la Tana, na maziwa yaliyomchuruzika: aliona ananuka kibuyu kilichosahauliwa juani. Akahesabu. Siku ya arobaini ingeangukia Alhamisi, na Ijumaa yake Athman angekuja, si kama mgeni tena.

Neno lile likamkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Samli ile ililetwa na Barwako, mwanamke wa Kiorma aliyepita kila baada ya siku mbili na maziwa yake, Idsowe kwanza kisha Garsen. Nywele za Barwako zilimeremeta siagi toka utosini hadi ncha. Siku moja Bi Madina akiwa shambani, Arafa akamwita penye ua.

"Barwako, pale dukani Garsen kuna sabuni ya maji, ya chupa, ina picha ya mwanamke. Waijua?"

"Ile ya nywele? Mimi naona. Mwenye duka anaweka juu kabisa, kama bunduki."

"Nataka uniletee."

Barwako akamtazama kichwa, kisha akamtazama usoni. "Kichwa hii yako inakunywa samli yangu kila siku. Sasa inataka kunywa chupa pia? Hii kichwa gani, dada, ya ng'ombe?"

"Nisikilize. Sabuni ya mche nimeshaijaribu tangu nikiwa msichana. Yafua nguo vizuri, lakini kichwani yaniachia ufagio. Hii ya chupa ni ya ghali, kwa hiyo ni nzuri."

"Ghali na nzuri ni ndugu?" Barwako akauliza. "Mimi siagi inaingia, jua inatoa. Bure."

Lakini aliwachukua mitetea wawili aliopewa ili akawauze. Kuku wale Arafa aliletewa na mama yake mzazi, kwa miguu kutoka Wenje, wapikwe supu ya uzazi. Bi Madina alipowaulizia, Arafa akasema wameliwa na nguchiro. Mama wa watu akashinda siku nzima akizungushia banda miiba.

Chupa ikaja, imefungwa katika jani la mgomba. Arafa akaichomeka katika makuti ya paa, na kila alipolala chali kumnyonyesha mtoto aliiona ikimwonyesha shingo.

Siku ya thelathini na tisa, Bi Madina akajifunga kibwebwe.

"Mwanangu, naenda kuchuma mkunazi. Ule wa karibu umekauka, itanibidi nifike kule nyikani. Nitachelewa. Mtoto akilia mpe ziwa, na usitoke nje kichwa wazi."

"Haya, Mama. Uende salama."

Hata vumbi la nyayo zake halijatulia, Arafa alikuwa nyuma ya jiko na mtungi wa maji.

Povu lile! Lilikuja kwa wingi wa ajabu, jeupe, jepesi, likamteremka shingoni hadi mgongoni. Likanukia maua ambayo hayaoti Tana. Samli ikatoka vipande vipande, ikaenda na maji ya njano mchangani, na mchanga ukainywa. Akamimina tena chupa, akasugua tena. Kwa muda ule mfupi alijiona yeye ndiye yule bibi wa kwenye gari, na pantoni nzima inamgeukia.

Kisha jua likamkausha. Ngozi ya kichwa ikakaza kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Nywele zikasimama, ngumu, zikikatika katika meno ya kitana. Akamchukua mtoto ampe ziwa, na Tuneya, aliyekuwa hakatai ziwa kwa lolote, akanusa, akageuza uso, akalia. Akalia kilio cha mtoto aliyepakatwa na mtu asiyemjua. Arafa alimbembeleza mpaka jasho likamtoka, na kwapa lake likaanza kunuka maziwa na manjano kama jana. Hapo ndipo mtoto akanyonya, huku akishikwa na kwikwi.

Akajipaka samli kidogo usoni mwa nywele, pale leso inapokomea, akafunga kichwa.

Bi Madina alirudi jua likielekea kuzama, furushi la majani kichwani, mikono imechanwachanwa mpaka viwikoni. Alikuwa amekutana na nyati, akasubiri juu ya kichuguu mpaka wakapita. Alilisimulia hilo huku akicheka, akanywa maji, akaketi kinuni. Hakumfungua Arafa leso. Jioni ile hakukuwa na haja ya kupaka tena.

Asubuhi wanawake wakajaa uani. Wa kwanza kufika alikuwa Pekeshe, jirani yao, mwanamke wa rika la Bi Madina, mwenye ulimi unaokata pande zote. Ni lazima ijulikane kwamba Bi Madina ndiye aliyekuwa akiwaosha vichwa wazazi wote wa Idsowe. Hakulipwa kitu. Ilikuwa heshima yake, na mjane hana nyingi.

Arafa akaketishwa kwenye kigoda, leso ikafunguliwa. Bi Madina akaweka viganja kichwani, na viganja vikasimama. Arafa akavihisi vikisimama. Kisha mama mkwe akainama kama anayetafuta chawa, akanusa. Akamimina maji ya mkunazi.

Povu likafura, na harufu ya maua ikapita uani, hafifu, kama mtu anayechungulia mlangoni na kuondoka. Maji ya kwanza yakakingwa, yakaachwa yatulie. Wanawake wakainama.

Yalikuwa meupe. Jicho moja la mafuta lilielea kando, dogo kama punje ya ufuta.

"Haya," akasema Pekeshe, "nani ana kiu?"

Wengine wakabana vicheko kwa viganja.

"Mama Athman, siku arobaini! Samli ulipikia wali?"

Arafa alikuwa na neno mdomoni. Lilikuwa neno fupi. Maji yalimtiririka usoni, akayafanya sababu ya kufumba macho na kufumba mdomo pia.

Bi Madina akajibu kwa sauti ya kawaida. "Samli ya mwaka huu ilikuwa nyepesi."

Akalibeba bakuli mwenyewe, akaenda kulimwaga kwenye mgomba.

Ijumaa Athman akaja, viganja vimechubuka kwa kamba. Akampakata mtoto, akamnusa utosini kwa muda mrefu, akala, akalala usingizi. Juu ya nywele za mkewe hakusema jema wala baya. Hakuziona.

Kama yangeishia hapo, Arafa angejifariji kwamba amepoteza kuku tu. Lakini pale mtoni, penye gati la kuchotea maji, neno likazaliwa. Mchuzi ukiwa mwepesi, watu wakasema, "Huu ni wa arobaini ya Madina." Chai isiyo na maziwa, arobaini ya Madina. Arafa akifua nepi aliwasikia, na walipomwona walinyamaza kwa huruma, wakamwachia mahali pazuri pa kusimama. Huruma ile ndiyo iliyomchoma. Walimwona yeye ndiye aliyedhulumiwa.

Na Bi Madina hakumwuliza. Alimpikia uji, alimbebea mtoto, alimwita mwanangu. Arafa alitamani agombezwe, hata apigwe.

Miezi miwili ikapita. Mwanasha, binti wa Pekeshe, akakaribia arobaini yake. Pekeshe akaja uani kwa Bi Madina, akasimama, hakuketi.

"Mama Athman, usijisumbue safari hii. Mwanangu nitamtafutia mtu wa kijiji cha Wema. Nataka mkono wenye mafuta."

Bi Madina alikuwa akipepeta mpunga. Ungo ukasita, kisha ukaendelea. "Haya, mwenzangu. Mungu amkuze mtoto."

Pekeshe alipoondoka, Arafa alimwona mama mkwe wake akipepeta mpunga ambao tayari ulikuwa safi, akipepeta tu, mpaka punje nzima zikaanza kurukia nje.

Siku ya pili Arafa akamwacha mtoto kwa bibi yake, akashika njia ya nyikani. Alidhani ni mwendo wa kukoka moto na kuivisha uji. Jua lilimfikia utosini kabla hajauona mkunazi wa kwanza. Kila jani lilikuwa na mwiba wake, na kila mwiba ulikuwa na mwenzake uliopinda kwa nyuma, ukikwepa huu unanaswa na ule. Alipofika kwenye kichuguu alisimama akakitazama. Ndipo alipolia, peke yake, kwa sauti. Yule mama alikuwa juu ya kile kichuguu, nyati wamemzunguka, saa ile ile yeye anamiminia kichwa chake maua ya chupa.

Alirudi na furushi, akapitia nyumbani, akachukua chupa, akaenda hadi kwa Pekeshe. Wanawake walikuwa wameketi wakichambua manjano ya arobaini ya kesho. Barwako naye alikuwapo, amekuja na kibuyu cha samli. Arafa akalitua furushi, akaiweka chupa juu yake. Ilikuwa imebaki robo.

"Maji yale yalikuwa yangu," akasema. "Niliosha kichwa kwa hii, siku moja kabla, kwa siri. Mama alinipaka kila siku, hakuruka hata moja. Na kuku hawakuliwa na nguchiro."

"Samli ya Mama Athman mimi nilileta," akasema Barwako. "Vibuyu vitatu. Vizito! Mtu anasema nyepesi, anatukana ng'ombe yangu."

Pekeshe akaichukua chupa, akaigeuzageuza, akatazama ile picha. Akafungua kifuniko, akanusa. "Sasa hii," akauliza taratibu, "inafanya nini?"

"Inanukia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka alasiri."

Mwanasha akanyoosha shingo kutoka kitandani mwake. "Mama, nipe nami ninuse kidogo."

"Laza kichwa chako!" Lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, na chupa ikazunguka mkono kwa mkono, kila mmoja akiitia pua. Arafa hakucheka. Uso ulimwaka kama aliyeinamia tanuri, na alijua kuanzia kesho pale gatini litazaliwa neno jingine, na litakuwa na jina lake.

Nyumbani Bi Madina alikuwa ameshaipata habari. Huko habari hazitembei, huruka. Hakumshukuru.

"Nilikuficha," akasema kwa ukali, "nawe umekwenda kujivua mbele za watu."

"Naona aibu, Mama."

"Onea hapa ndani. Mimi nimeishi na ulimi wa Pekeshe miaka thelathini, ungenishinda leo?" Akamnyanyua mtoto mkekani, akamweka begani. "Basi. Mficha uchi hazai, nawe umekwisha kuzaa. Huko nyikani uliwaona nyati?"

"Sikuwaona. Nilikiona kichuguu."

Bi Madina akamshika mkono, akauelekeza kwenye mwanga wa mlango, akaanza kumtoa miiba mmoja mmoja kwa ncha ya sindano.

Asubuhi Pekeshe mwenyewe alikuja kumchukua Bi Madina, safari hii akaketi kwanza. Maji ya Mwanasha yalitoka ya njano, yamejaa macho, hata wakashindwa kuyahesabu. Arafa alikuwa nyuma kabisa, karibu na ua, leso imemshuka hadi kwenye nyusi. Bi Madina alipomaliza, alipita mbele yake na bakuli lililokwisha maji, majani ya mkunazi yamebaki chini.

"Kichwa bado kinakuwasha?"

"Kinawasha, Mama."

"Haya. Keti hapo."

Chupa ile ipo mpaka leo. Bi Madina hutilia mafuta ya taa.