Upande wa Kushoto

Kwenye yoti ya tajiri wetu pale Munyonyo, ziwani, mimi ni nahodha, na usukani uko kulia. Fundi wa injini alikuwa Mkongo mnene aliyekaa upande wa kushoto siku zote, na boti ikalalia upande wake. Nyuma, chini ya maji, kuna vibao viwili vya chuma. Ukibonyeza kitufe, kibao cha kushoto kinashuka, maji yanakisukuma, na upande ule unainuka. Kila tulipochanganya mwendo nilibonyeza mara tatu, huku nikimwambia apunguze matoke.

"Wewe bonyeza tu, kaka," alinijibu.

Juzi zamu yake ilifika kwenye orodha ya wakimbizi wa kuhamishiwa ng'ambo, akapanda ndege kwenda Kanada na familia yake. Sikwenda uwanja wa ndege wa Entebbe kumsindikiza. Nilisema nina kazi, na sikuwa nayo.

Leo asubuhi tajiri amenituma niipeleke yoti Entebbe, peke yangu. Iliposhika kasi, kidole kikabonyeza mara tatu bila kuniuliza. Upande wa kushoto ukanyanyuka, mtupu, na boti ikalalia upande wangu. Kuirudisha sawa ni kazi ya kidole kimoja. Sikuirudisha. Nimekwenda hivyo hivyo, nimeinama, mpaka Entebbe.