Vichwa Arobaini vya Mnara wa Haverstock

Kazi ya Nello Scarpati ilikuwa kugonga. Kwa miaka thelathini aliteremka mbele ya kuta za New York kwa jukwaa la kuning'inia, nyundo ya mbao mkononi, akigonga mapambo ya udongo wa kuchoma na kutega sikio. Kipande kizima hulia kama kengele. Kilichopasuka ndani hujibu kama boga. Kibovu alikitia msalaba wa chaki nyekundu, na msalaba wa Nello haukuwa na rufaa.

Vuli moja alipewa mnara wa Haverstock, wa mwaka 1910, ghorofa thelathini na moja. Uzito wote hubebwa na mifupa ya chuma. Udongo ni nguo tu, lakini nguo gani! Majani, popo, mizabibu, hadi kileleni. Na kwenye ghorofa ya ishirini na saba, mahali ambapo jicho la mpita njia halifiki, vichwa arobaini vya watu, hakuna viwili vinavyofanana. Mmoja yuko karibu kupiga chafya. Mwingine kafungwa kitambaa shavuni: jino linamuuma.

"Kazi yote hii walimfanyia nani?" aliuliza Fergus Tierney, mwenzake wa kuendesha jukwaa. "Njiwa?"

"Funga domo, Fergus. Niko kanisani."

Asubuhi hiyo ya Alhamisi akagonga vyote. Thelathini na vinne vikajibu kama boga. Alichora misalaba shingo upande. Bwana Lindqvist, msimamizi wa jengo, hakusikitika: vibovu vikiwa vingi hivyo, alisema, Jumatatu vyote vitakatwa na ukuta upigwe plasta.

Jumamosi Nello alikuwa akimwagilia mirehani yake dirishani. Kwa mazoea akagonga chungu kilicholowa. Boga. Akagonga kikavu kando yake. Kengele.

Akaketi chini. Kanuni ya kwanza ya kazi, ambayo yeye mwenyewe alimfundisha Fergus: baada ya mvua, subiri siku tatu udongo ukauke. Na Alhamisi ile aligonga asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Alipoziona zile nyuso, alisahau kila kitu.

Jumatatu alimkuta Lindqvist mlangoni.

"Nilikosea, bwana."

"Wewe? Leo? Mafundi wa kukata wako ndani ya lifti!"

"Hata Papa huungama. Jua limewaka siku nne. Niache nigonge tena."

"Una mpaka saa sita mchana. Dakika moja zaidi, wanaanza."

Kichwa cha kwanza kililia. Cha pili kikalia. Nello akawa anafuta misalaba kwa mkono wa shati, huku Fergus akihesabu kwa sauti. Wa jino alibaki wa mwisho.

Boga.

Akagonga tena, polepole. Boga.

"Mwache, mzee," Fergus akanong'ona. "Nani atajua?"

"Aliye chini barabarani, kitakapomwangukia." Akauacha msalaba.

Kichwa kimoja tu ndicho kilichong'olewa. Walipokigeuza, kisogoni, upande uliokuwa umetazama ukuta tangu 1910, waliliona fundo la kile kitambaa: limefungwa vizuri, kila mkunjo mahali pake, hata nyuzi za pindo zilizochomoka.

Fergus alivua kofia.

"Hili," alisema, "hata njiwa hawakuliona."