Jino la Chini

Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa mtu mwenye cheo. Nyumbani kwetu Sindeni mimi ndiye niliyekuwa mlezi wa mdogo wangu Salimu, na kwa kuwa mama alishinda shambani, mgongo wangu huu ndio uliokuwa kitanda chake kuanzia nitokapo shule mpaka magharibi. Wenzangu walicheza rede. Mimi nilipita pembeni yao taratibu, kanga nimeifunga kifuani, nikilalamika kwa sauti kwamba mtoto mzito. Hakuwa mzito hata kidogo, lakini mama zetu walilalamika hivyo, na mimi sikutaka kupitwa.

Salimu alipotimiza miezi saba, cheo kikapanda. Alianza kupewa uji, nami nikakabidhiwa kikombe cha bati na kijiko. Ulikuwa uji wa dona uliotiwa karanga za kutwanga. Siku za mwanzo aliupenda, akaupaka mpaka kwenye nyusi. Kisha mchana mmoja, nimempakata jikoni, kijiko kikagonga kitu. Nikaingiza kidole. Kitu kile kilikuwa kigumu, kina makali, na kilikuwa upande wa juu.

Nilimbeba mbio hadi shambani nyuma ya nyumba, mama alikokuwa akipalilia.

"Mama! Salimu ameota jino!"

Mama akacheka, akaliacha jembe. "Haya, liko wapi?"

"Huku juu."

Kicheko kikamkauka mdomoni. Alinifunika mdomo kwa kiganja chenye udongo, akatazama huku na huku, halafu akamfunua mtoto midomo. Chini hapakuwa na kitu.

"Umemwambia nani?"

Nikatikisa kichwa.

"Bibi yako?"

"Bibi yuko kwa Mama Zaina."

Akaniapisha pale pale, katikati ya mahindi, kwamba sitasema kwa mtu yeyote, na Bibi hasa.

Sikuhitaji kuelezwa sababu. Kwetu mtoto anayetangulia kuota meno ya juu huitwa kigego, na kigego ni nuksi. Bibi mwenyewe, mama yake baba, ndiye aliyetusimulia. Alisema kigego hula watu wa nyumba yake, na huanza na mkubwa wa nyumba. Alisema pia kwamba zamani watoto wa namna hiyo walipelekwa porini na waliowapeleka walirudi mikono mitupu. Alilisema jambo hilo huku akichambua mlenda, wala mikono yake haikusimama. Enzi zetu hakuna aliyepelekwa porini, lakini tulimjua kijana mmoja wa kijiji cha jirani ambaye hakuna mama aliyempa mtoto wake ampakate. Na mama yangu hakuwa Mzigua kama watu wa pale. Alizaliwa Hale, mjukuu wa watu waliotoka mbali kuja kukata mkonge, na miaka yote ile pale Sindeni bado walimwita mtoto wa kambini. Baba alifanya kazi huko huko Hale, akija nyumbani mwisho wa mwezi tu. Neno lile likitoka, mama aliamini atafungishwa virago yeye na kigego chake, na mimi nitabaki.

Basi akaninyang'anya kikombe. Tangu siku ile alimlisha Salimu mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa, haraka haraka kabla Bibi hajaita. Hakutumia kijiko, aliogopa mlio wake. Alimnywesha kwa kiganja, mtoto amelazwa chali, ufizi unamuuma, uji unamwingia hadi puani. Haikupita wiki Salimu akauchukia uji kabisa. Akikiona kikombe kwa mbali anakaza midomo. Ukimlazimisha anatapika vyote na maziwa juu yake.

Watu wakaanza kutoa dawa zao. Mmoja alisema kimeo. Mwingine alisema amezibwa na macho ya watu, na Bibi akamfunga uzi mweusi mkononi. Mama Zaina, jirani yetu ambaye alikuwa na neno kwa kila jambo, alisema mficha maradhi kifo humuumbua, akamtazama mama kwa jicho la pembeni. Sidhani alijua lolote. Lakini mama alimchukua mtoto akaingia naye ndani.

Siku ya kliniki nilikwenda naye. Nesi alimning'iniza Salimu kwenye mzani, akachora nukta kwenye kadi, akaunganisha. Mstari ulikuwa umetoka kwenye kijani ukaingia kwenye kijivu, na ulikuwa unaelekea chini, kwenye nyekundu. "Mama, huyu lazima ale," nesi akasema. "Maziwa peke yake hayamtoshi tena." Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa vizuri kabisa kwamba mdogo wangu anakufa njaa kwa sababu ya jino, na kwamba mdomo wangu ungeweza kumwokoa au kummaliza. Sikujua ni lipi kati ya hayo mawili. Nikanyamaza.

Bibi alipoiona kadi hakuuliza mengi. Hakujua kusoma, ila rangi alizijua.

"Kesho mume wangu namlisha mwenyewe," akasema. Salimu ndiye aliyekuwa mume wake. Wajukuu wa kiume wote walikuwa waume zake, na mimi nilikuwa mke mwenza.

"Mama, usijisumbue," mama akasema. "Atatapika, atakuchafua."

"Nimelea tisa mimi. Nani hajanitapikia?"

Nani angemkatalia mama mkwe asimguse mjukuu wake? Asubuhi Bibi akatandika mkeka barazani, akanyoosha miguu, akanawa mikono hadi kwenye viwiko. Mama alileta uji kwenye sahani. Na kama kwamba balaa haijatosha, Mama Zaina akatokea kuazima ungo. Alipoona kuna la kutazama, akaketi.

Bibi alichovya kidole kwenye uji, akakipitisha midomoni mwa Salimu kwa kubembeleza, huku akimwimbia. Kidole kikaingia. Nikakiona kinasimama.

Hakikusimama muda mrefu. Bibi aliinua macho akamtazama mama yangu. Mama alikuwa ameshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili. Walitazamana hivyo, na mimi nilihisi haja ndogo inanitoka.

"Vipi?" Mama Zaina akauliza. "Kuna jino?"

"Lipo," Bibi akasema. "La chini."

"Alhamdulillahi! Hebu nilione."

Bibi akamgeuza mtoto upande wake. "Mtoto akila hachunguliwi mdomoni. Hamu humkatika."

"Mbona mila hiyo sijaisikia?"

"Wewe umezaliwa juzi, utaisikia wapi?"

Kisha akanigeukia mimi. "Mke mwenzangu, si wewe uliyekuwa unamlisha? Jino ulilionaje?"

"La chini, Bibi," nikasema. Ndio uongo wa kwanza maishani mwangu niliowahi kupongezwa, maana Bibi aliitikia kwa kichwa.

Salimu alikula. Bibi alikuwa akimpitishia uji shavuni, mbali na ufizi wa juu, kidogo kidogo, akimwacha ameze ndipo ampe tena. Ilichukua asubuhi nzima. Tangu hapo hakuruhusu mkono mwingine umlishe, si wa mama, si wangu, mpaka meno ya chini yalipotoka, wiki nyingi baadaye. Siku hiyo alimtekenya mbele ya wageni makusudi, ili acheke waone. Mstari wa kadi ulikuwa umerudi kwenye kijani.

Na ile mila yake bado ipo. Mwaka juzi nilikwenda harusini Sindeni nikamsikia binti mmoja akimkaripia mwenziwe: mtoto akila hachunguliwi mdomoni, hamu humkatika. Nilicheka peke yangu, wakadhani nimelewa soda.

Ningependa kuishia hapo. Lakini masika yaliyofuata Bibi aliugua. Alianza na kifua, akakonda, akawa hatoki ndani. Hapo nikakumbuka masimulizi yake mwenyewe. Babu alishafariki, mkubwa wa nyumba alikuwa yeye. Nikampigia mdogo wangu hesabu akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, nikamwona ana hatia. Niliacha kumbeba. Akija kwenye sahani yangu nilihama. Mara moja alinishika gauni nikamsukuma akaanguka kifudifudi. Nina aibu kuliandika hili, ila ndivyo nilivyofanya.

Bibi aliona kutoka kitandani. Akaniita.

"Mbona humbebi mdogo wako?"

Nikaanza kumkunjia shuka miguuni.

"Mimi ni mzee, Mwanahawa. Wazee hufa. Kambebe."

Ilikuwa mara ya kwanza aniite kwa jina langu. Nikaenda nikambeba. Baada ya siku chache Bibi alifariki, tukamzika.

Nilikua nikijivunia bibi yangu. Niliwasimulia watu kwamba alikuwa mwanamke aliyezicheka itikadi za kale, kwamba kidole chake kiliposimama kilisimama kwa kufikiri uongo mzuri tu. Nilipokuwa mkubwa na kusoma kidogo, niliona fahari zaidi. Leo Salimu ni fundi pikipiki hapa Korogwe, anakula sahani mbili za ugali na bado anauliza kama kuna ukoko. Kila nikimpakulia nilimsifu Bibi moyoni kwa kutokuamini upuuzi.

Mwaka jana mama alikuja kukaa kwangu. Tulikuwa tunachambua mchele, nikamwambia hivyo, kwamba Bibi hakuamini mambo ya kigego.

Mama akaacha kuchambua. "Nani kakuambia hakuamini?"

Akanieleza. Wiki ile ile Bibi alipoligusa jino, alimtuma mama Korogwe, si Handeni, kwa sababu Handeni wangemjua. Alimtuma akamnunulie sanda. Bibi mwenyewe alikuwa mzima, analima. Mama alipomletea, aliipima kwa mikono, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya sanduku, akamwonyesha ilipo. Akamwonyesha na mahali anapotaka kuzikwa, ubavuni kwa Babu. Mama alilia akamwomba msamaha. Bibi akamwambia asilie, atamtisha mtoto.

Nimelifikiria jambo hilo tangu siku hiyo na bado linanitoa machozi. Mimi siamini kwamba Salimu alimuua mtu. Kifua kiliua wazee wengi masika yale. Lakini Bibi aliamini. Aliamini kwamba mtoto anayemnenepesha mapajani mwake ndiye atakayemwondoa, na akishiba ndipo atakapokuwa na nguvu za kufanya hivyo. Akaweka sanda yake tayari, akanawa mikono, akarudi barazani kumbembeleza aongeze kidogo.