Kamera Iliyoniaibisha Kuhusu Theluji

Sijawahi kukanyaga theluji maishani, lakini nilipokabidhiwa wateja wa safari za baridi katika ofisi yetu ya utalii mtaani Abu Hamour, huku jangwani, niliapa kwamba hakuna atakayenishinda kazi hiyo.

Mteja wangu wa kwanza, Bwana Khalid, alitaka kwenda milimani kuteleza kwa ski, zile mbao ndefu za miguuni, na kuendesha pikipiki za theluji. Kila asubuhi nilifungua kwenye kompyuta kamera ya mtandaoni inayoonyesha moja kwa moja njia za huko. Nyeupe pee! Nikamwandikia, "Theluji ni tele, nenda bila wasiwasi."

"Dada, si uwapigie simu wenyeji uhakikishe?" akaniuliza Akinyi, tunayekaa naye meza moja.

"Ya nini? Nina macho."

Bwana Khalid akasafiri. Kesho yake meneja akaja mezani kwangu amekunja uso.

"Mteja wako anasema huko hakuna theluji."

Sikutetereka. Nikamgeuzia kompyuta, ofisi nzima ikitazama.

"Madamu, jionee mwenyewe. Nyeupe!"

Papo hapo mkono wenye glavu ukatokea, ukapangusa ukungu uliokuwa umeziba kioo cha kamera. Tukaona matope, nyasi zilizolala, na Bwana Khalid, ski begani, akiitolea kamera macho.