Jina la Mwaija kwenye Kikopo cha Samli

Habari kwamba jina lake limechafuka, Mwaija aliipata dukani kwa Sabiri, Korogwe mjini, asubuhi ya Jumatatu, akiwa na boksi la samli mikononi. Sabiri alikuwa mteja wake wa jumla tangu mwanzo, mtu wa utani mwingi. Siku hiyo hakutania. Aliingia stoo, akarudi amebeba vikopo vyote vilivyobaki vya mzigo uliopita, akavipanga juu ya kaunta mbele yake.

“Bi Mwaija, sina ubaya na wewe,” alisema. “Ila watu hawaigusi tena. Wameona mtandaoni.”

“Wameona nini?”

Sabiri akamgeuzia simu. Katika kundi la mtandaoni la watu wa Korogwe na Handeni, mtu mmoja asiye na sura wala jina la kueleweka alikuwa ameweka picha. Ndoo ya njano ya mafuta ya mgando ya kukaangia ilikuwa sakafuni, na pembeni yake vikopo vyenye lebo ya Samli ya Mwaija. Chini ya picha aliandika: “Mnaolamba samli ya Mwaija, hiki ndicho mnacholamba.” Yaliyofuata yalikuwa kejeli na matusi ya kila aina, na mama mmoja aliapa kwamba mwanawe aliharisha wiki nzima kwa sababu ya samli hiyo.

Mwaija aliyasoma yote amesimama. Alikuwa na miaka arobaini na sita, Mzigua wa Sindeni, kijiji kilicho kwenye barabara ya Handeni kwenda Korogwe, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Alivikusanya vikopo vile pamoja na boksi lake jipya, akaomba aitiwe bodaboda.

Samli hiyo ilianza bila jina lolote. Mwaija alikuwa akinunua siagi kwa Nasinkoi, mwanamke wa jamii ya wafugaji wa tambarare za Handeni, ambaye pamoja na wake wenzake walisukasuka maziwa kwenye vibuyu. Siagi ikifika Sindeni, Mwaija aliichemsha taratibu mpaka povu lote likaisha, akaichuja kwa kitambaa cheupe, akaijaza kwenye chupa za soda na kwenda kuiuza Mombo, pale mabasi yanaposimama abiria wanunue chakula. Huko ndiko alikokutana na Angel.

Angel alikuwa binti wa Kisambaa kutoka Lutindi, akiuza matunda ya milimani, peasi na plamsi, kwenye beseni, mchangamfu, mwenye mdomo wa kusimamisha basi. Mwaka huohuo mumewe alimkimbia akiwa na mimba ya miezi saba. Mwaija hakumwacha. Alimchukua Sindeni, akampa chumba, na siku ya kujifungua yeye ndiye aliyekaa naye zahanati mpaka mtoto akalia. Tangu hapo Angel alipomwita “dada,” haikuwa heshima ya mdomoni tu. Mumewe Mwaija, Adamu, alizoea kusema kwamba Mungu alimchelewesha mkewe kupata mdogo wake, lakini hakumnyima.

Kazi ya kuipa samli jina ilikuwa ya Angel. Mwaija alikuwa na kitochi, simu ya kupiga na kupokea tu. Angel alikuwa na simu nzuri. Siku moja alipiga picha ya mikono ya Mwaija ikimimina samli kwenye kikopo, jua la asubuhi likipita katikati ya ule uzi wa dhahabu, akaiweka mtandaoni kwenye ukurasa aliouita Samli ya Mwaija. Wiki ile walipata oda kutoka Tanga, Moshi na Dar es Salaam.

Na Angel alijua kulilinda jina. Mwaka wa pili mteja mmoja wa Moshi aliandika hadharani kwamba kikopo chake kinanuka. Mwaija alitaka kununa. Angel alimjibu mteja hapohapo, mbele ya watu wote: akamwomba radhi, akamweleza kwamba mzigo ulikaa juani kwenye basi, akamtumia kikopo kingine. Siku tatu baadaye yule mteja alirudi mwenyewe na picha ya wali unaong'aa na maneno ya kusifu.

“Umeona, dada?” Angel alisema. “Mtu akilalamika usimfute. Ukimfuta, anakwenda kulalamika kwa jirani. Mjibu, wenzake wakuone unavyojibu.”

Mwaija aliyashika maneno hayo. Miaka mitano ikapita hivyo, mmoja akipika, mwenzake akisema, na ukurasa ukafika wafuasi elfu kumi na mbili.

Kwa hiyo, siku ile ya Jumatatu, bodaboda ilipomshusha Sindeni, mtu wa kwanza aliyemkimbilia alikuwa Angel.

Angel alikuwa ameshaiona picha. Alimkalisha chini, akamshika mikono. “Tunyamaze,” alisema. “Tukijibu tunawapa kiki. Wiki mbili tu, watasahau.”

“Si ulisema mtu ajibiwe?”

“Huyo ni mteja, dada. Huyu ni adui. Niachie mimi.”

Akamwachia. Wiki mbili zikapita, ya tatu ikaingia. Simu za oda zilikauka. Nasinkoi alileta siagi Jumanne, akaleta na Ijumaa, na madumu yakaanza kujaa ukutani. Msikitini mke wa jirani alimsalimia Mwaija haraka na kupita. Adamu alisema kwa sauti ya chini kwamba pengine wangerudia kuuza mahindi tu. Kila Mwaija alipouliza, Angel alijibu, “Bado kidogo.”

Mwisho Mwaija alirudi kwa Sabiri. Safari hii hakuwa na mzigo.

“Mimi nilitaka kuwatetea,” Sabiri alisema. “Niliuliza kwenye ukurasa wenu, kwa adabu kabisa: wahusika, hii picha mnaielezaje? Swali langu likafutwa. Nikauliza tena. Nikazuiwa kuandika. Na si mimi peke yangu, Bi Mwaija. Watu wanasema, kama hamna la kuficha, mbona mnafuta?”

Mwaija alisogea karibu na kaunta. “Hebu niione tena ile picha. Ikuze.”

Sabiri akaikuza. Mara ya kwanza Mwaija alikuwa ameona ndoo na jina lake tu. Sasa alitazama kama anayechambua mchele. Mpini wa ndoo ulikuwa umekatika, na mahali pake palifungwa kamba ya buluu yenye mafundo mawili. Kamba ile aliifunga yeye mwenyewe. Ndoo ile ilinunuliwa Januari, kwa ajili ya maandazi ya hitima ya mama yake Adamu, na ililazwa siku moja tu kwenye chumba cha samli kwa sababu jikoni palijaa wageni. Siku hiyo walioingia chumba kile walikuwa watatu: yeye, Nasinkoi na Angel. Nasinkoi simu yake ni kitochi.

Hakulia. Alimwomba Sabiri maji, akanywa, akauliza kama kuna kiti.

“Kuna jingine,” Sabiri alisema, akionekana kujuta kabla hajalisema. Akafungua ukurasa wao. Hakukuwa tena na Samli ya Mwaija. Juu, kwa herufi za kijani, paliandikwa Samli Asilia ya Milimani, na namba ya simu ilikuwa ya Angel. Jina lilibadilishwa jana yake. Vingine vyote vilikuwapo: wafuasi elfu kumi na mbili, sifa za wateja wa miaka mitano, wali wa yule mteja wa Moshi. Ile picha ya mikono inayomimina samli ilikuwapo pia, ila mahali pa lebo palifunikwa kwa kijani.

“Hii ni mikono yangu,” Mwaija alisema. Alirudia mara mbili, kama vile Sabiri alikuwa amebisha.

Alipofika nyumbani, chumba cha Angel kilikuwa kitupu. Kitanda kilitandikwa vizuri, ufunguo umewekwa juu ya mto.

Alimkuta Mombo siku mbili baadaye, kwenye kibanda kipya kilichopakwa kijani, vikopo vimepangwa mpaka juu. Basi la Arusha lilikuwa linapakia. Angel alipomwona alishusha macho, kisha akayainua.

“Shikamoo, dada.”

Mwaija hakuitikia. Katika maisha yake hakuwahi kuacha shikamoo hewani. “Ile picha uliipiga wewe?”

“Dada, njoo tukae…”

“Uliipiga wewe?”

Angel aliangalia pembeni. “Niliipiga mimi.”

“Na kuiweka?”

Kondakta alipiga bodi la basi, likaondoka, vumbi likawapita wote wawili.

“Miaka mitano, dada,” Angel alisema hatimaye, na sauti yake sasa ilikuwa na hasira ndani yake. “Wewe ulipika, mimi nilisema. Watu elfu kumi na mbili walikuwa wananisikiliza mimi, halafu wanamshukuru Mwaija. Nikiwa na mafua naandika. Mtoto anaumwa, naandika. Nani aliwahi kuuliza Angel ni nani?”

Maneno hayo yalimgusa Mwaija mahali asipopatarajia, kwa kuwa yalikuwa na ukweli. Hakuwahi kuwaza kwamba jina la mdogo wake lilipaswa kuwa kwenye kikopo. “Ungeniambia,” alisema. “Tungeandika majina mawili. Ungetaka kuondoka na lako, ningekufungia mzigo wa kwanza kwa mikono yangu.”

“Ningeondokaje? Ukurasa ulikuwa na jina lako. Ningeubadilisha hivihivi, watu wangekufuata wewe.” Akasita. “Ilibidi jina lichafuke kidogo kwanza.”

“Kidogo,” Mwaija alisema.

Mtu aliyemfundisha jinsi jina linavyolindwa ndiye aliyejua vizuri kuliko wote linavunjwa wapi. Alivuka barabara, akapanda gari la kwanza lililosimama, na akili ilimrudia likiwa limeshampitisha Korogwe, alikopaswa kushuka.

Adamu alitaka waende polisi. Walikwenda, walisikilizwa, wakaambiwa walete ushahidi. Mwaija aliiandikia pia kampuni yenye mtandao, kwa simu ya Sabiri, akajibiwa kwa mistari miwili kwamba ukurasa ni wa mwenye namba ya simu iliyousajili. Kwa hiyo akanunua simu nzuri, akakaa na Sabiri mchana mzima akifundishwa kupiga video na kuipandisha, na akaanza ukurasa mpya kutoka sifuri.

Video yake ya kwanza ilitikisika vibaya. Ilimwonyesha Nasinkoi akishuka kwenye pikipiki na madumu, akiitazama simu bila kupepesa. “Siagi hii ni ya ng'ombe wangu,” alisema Nasinkoi. “Anayesema ni mafuta ya dukani aje anionyeshe duka linalokamuliwa.” Kisha akaongeza maneno ya Kimaasai ambayo alikataa kuyatafsiri.

Chini ya video Mwaija aliandika kwa kidole kimoja: “Mimi ndiye Mwaija. Ile ndoo ni yangu, ilikuwa ya maandazi ya hitima. Kila Jumanne napika. Mlango uko wazi, njoo uangalie mwenyewe.”

Jumanne ya kwanza hakuja mtu. Ya pili walikuja kumi na mmoja, na kati yao alikuwamo yule mama aliyeapa kuhusu kuharisha kwa mwanawe. Alisimama mlangoni tangu siagi ilipowekwa jikoni mpaka samli ilipopoa, akirekodi kila kitu, bila kutabasamu. Jioni aliiweka video yote mtandaoni na kuandika: “Nimeona. Mimi nilisema bila kuona.” Sentensi hiyo ilimrudishia Mwaija wateja kuliko chochote alichowahi kuandika yeye. Sabiri alichukua tena maboksi mawili, baadaye matatu.

Si wote waliorudi. Wa Moshi walibaki na Angel. Na kule Mombo kibanda cha kijani kiliendelea kuuza.

Mwezi wa nane Angel alituma ujumbe wa sauti, dakika nne nzima. Alikiri yote, akalia, akaomba radhi, na mwishoni akasema: “Usiuweke mtandaoni, dada. Mtoto yuko shule, watamcheka.”

“Uweke!” Nasinkoi alisema alipousikia.

Sabiri naye alisema vivyo hivyo: kwa dakika nne zile, kibanda cha kijani kingefungwa wiki hiyohiyo. Mwaija aliusikiliza ujumbe mara nyingi, akipika, akifua, mpaka akajua wapi Angel anavuta pumzi. Hakuuweka. Aliwaambia kwamba mtu anayetafuta samli yake anatakiwa akute samli, asikute ugomvi. Hilo lilikuwa kweli. Lakini hakumsamehe pia, na hakumjibu Angel hata kwa neno moja. Kuna asubuhi alizoandika maneno ya kuweka kwenye ukurasa, akakwama katikati, akageuka kumuuliza mtu ambaye hakuwapo, na hasira ikampanda upya kana kwamba ni leo.

Kwenye ukurasa mpya alijiwekea sharti la kujibu kila swali na kutofuta hata moja. Mwezi wa kumi na moja, mzee Mathias, mwalimu mstaafu wa Lutindi, aliuliza: “Binti, wewe na yule wa Mombo mliwahi kuwa pamoja?”

Mwaija akajibu: “Shikamoo mwalimu. Ndiyo, miaka mitano.”

Mzee akauliza tena: “Mkakosana nini?”

Mwaija alianza kuandika, akafuta alichoandika, akaanza tena. Pikipiki ya Nasinkoi ilisikika ikiingia uani. Aliweka simu dirishani, akatoka kupokea madumu. Swali hilo la pili la mwalimu halikufutwa. Lipo pale mpaka leo, na ndilo pekee kwenye ukurasa ule ambalo halina jibu.