Pikapu Mbili Pacha

Nitasema kweli: wivu ulikuwa unanila. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hajui hata kubadilisha plagi. Kazi yake ni kusambaza saruji madukani. Mimi ni fundi wa magari, mwaka wa kumi na tisa huu, na hata pikapu yake naitengeneza mimi, kwa mikono hii. Pikapu zetu ni pacha: aina moja, mwaka mmoja, injini ileile. Lakini kila tukishindana Jumapili kwenye uwanja wa ndege uliofungwa, ananiacha urefu wa gari mbili. Sharti ni moja: gari ibaki kama ilivyotoka kiwandani, uzito tu ndio hiari yako.

Na nani anasimama mwisho wa barabara na kitambaa? Mke wangu. "Kaka huyooo!" anapiga vigelegele. Miaka kumi na miwili ya ndoa, mimi sijawahi kupigiwa hivyo. Nilitaka siku moja tu anishangilie mimi, basi.

Nikaanza kupunguza uzito. Nikang'oa tairi ya akiba, jeki, mlango wa nyuma, hadi bampa. Fundi mwenzangu akanicheka: "Bado kunyoa nywele." Jumapili ile tairi zangu za nyuma zikazunguka palepale, moshi mtupu, shemeji huyoo kapotea mbele. Na Jumapili iliyofuata vilevile.

Nyumbani nikanuna, jamani, nilinuna! Chai ikiletwa, nasema ya baridi. Mke wangu akimtaja kaka yake, nabamiza mlango. Watoto wakawa wananikwepa.

Siku moja shemeji akaja gereji kubadilisha oili. Akaichungulia pikapu yangu, akasema kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi:

"Shemeji, umeifanya nyepesi nyuma, tairi hazishiki. Mimi huacha mifuko miwili ya saruji juu ya ekseli ya nyuma."

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana, shemeji. Nilikuambia tangu mwaka jana, ukanifokea."

Kweli aliniambia. Mganga hajigangi. Alipoondoka tu nikarudisha kila nilichong'oa, nikapakia mifuko miwili.

Jumapili tukaondoka pamoja. Tairi zikashika! Gia ya pili, ya tatu, amenitangulia nusu gari tu, nami namfuata, nasogea, nasogea. Ghafla nikasikia injini yake imeshusha sauti. Ile injini naijua kama kikohozi cha mwanangu, vali zake nimezirekebisha mimi. Hakuna kilichoharibika pale. Mtu ameinua mguu kwenye mafuta.

Nikapita kitambaa peke yangu. Mke wangu akapiga vigelegele hadi watu wakageuka. Nikashuka, nikamtazama usoni. Akainamisha macho, akawa anakunja kile kitambaa.

"Ulimwomba?" nikamuuliza.

"Baba watoto, nyumba ilikuwa haikaliki," akasema. "Si ulitaka kushinda? Umeshinda. Twende nyumbani."

Shemeji akaja mkono mbele, meno yote nje. "Hongera, shemeji! Leo umeniweza."

Watu wanatutazama, ningefanyaje? Nikaupokea mkono. Ile nusu gari ilibaki kidogo sana, na kama ningeimaliza mwenyewe, sitajua maisha yangu yote.