Nilijua Behewa Limegeuka, Nikanyamaza

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili: niliona kitu mara mbili tu, nikakiita sheria. Makosa mengine yote yalizaliwa na hilo. Jina langu naliacha. Watu wa Lusangi watanitambua hata bila jina, na ninyi wengine haliwasaidii.

Mimi ni konvoyeri. Wafanyabiashara wakipakia mizigo kwenye treni kule ziwani, mimi nasafiri nayo, naishusha Samba, kisha inavushwa mto Lualaba na kuletwa Kasongo. Kazi hii hakuna aliyenifundisha. Mambo ya reli nimejifunza mwenyewe, kwa simu na kwa kutazama, na kwa kuuliza kidogo sana. Kuuliza kulinichoma. Mimi ni mtu wa kupanga viatu mlangoni mpaka vyote vitazame upande mmoja. Nikikosea jambo dogo, silali. Nikaona afadhali nikisie na kupatia kuliko niulize na kuchekwa.

Nieleze kwanza habari ya reli, maana dhambi yangu imekaa pale.

Reli inayotoka ziwani inakutana na reli yetu, ile inayopanda kwenda Samba na Kindu, kwenye kituo kimoja cha makutano. Kabla hujafika kituoni kuna kipande cha reli kilichopinda kama mundu, kinachounganisha njia hizo mbili. Watu wa reli wanakiita rakordema. Treni ya mizigo ikiwa haina cha kuacha wala cha kuchukua kituoni, inapita kwenye kipande hicho moja kwa moja. Kichwa kinabaki mbele, mkia unabaki nyuma, safari inaendelea.

Lakini yakiwepo mabehewa ya kuachwa, yanayokwenda kusini, treni haipiti pale. Inaingia kituoni. Kichwa kinafunguliwa, kinazunguka kwa reli ya pembeni, kinakuja kufungwa upande wa mkia, na treni inatoka ikivutwa kutoka kule kulikokuwa nyuma. Behewa la kwanza linakuwa la mwisho. Na mlango uliokuwa kushoto kwa safari unakuwa kulia. Ni kama mtu anayetembea kinyumenyume: mkono wake wa kushoto haujahama mwilini, ila sasa uko upande wa pili wa barabara.

Leo nayaandika haya kama mtu anayejua. Wakati ule nilikuwa nimesafiri mara mbili, na mara zote mbili tulipita kwenye ile reli iliyopinda bila hata kusimama. Nikaridhika. Ndivyo treni inavyopita, nikasema.

Sasa sikilizeni nilivyofanya na ujuzi huo.

Wapakiaji wa siku zote wana desturi. Katikati ya behewa, kutoka mlango mmoja hadi wa pili, wanaacha njia ambayo mtu anaweza kupita na gunia kichwani. Ukifungua mlango wowote unaingia, unachukua chako, unatoka. Mimi niliona njia ile ni uvivu. Nafasi tupu yote ile! Nikachora mchangani, nikapanga vijiti vya mchikichi kuwa reli. Samba, ghala la kituo liko kushoto ukitoka kusini. Kindu liko kulia. Basi mizigo ya Samba iende kushoto, ya Kindu iende kulia, mgongo kwa mgongo, na ile njia tuijaze mpaka juu. Kila mlango na mizigo yake. Wafanyabiashara walifurahi, kwa sababu behewa lilimeza vitu vingi zaidi, wakaanza kuniita Enjeniere, yaani mhandisi. Nami nikavimba.

Mama mmoja tu, muuza sabuni wa Kasongo tuliyekuwa tukisafiri pamoja, ndiye aliyekataa.

"Na treni ikikuja ya kinyume?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba haiwezi.

"Umeizaa wewe hiyo treni?"

Watu walicheka. Katoni zake za sabuni hakunipa nizipange. Alipanda nazo kwenye behewa la wazi la mkiani, tunakokaa sisi makonvoyeri, akazikalia safari nzima kama kuku anayeatamia.

Katika behewa lile nililolipanga kwa akili zangu, kulikuwa na mabati ya Mama Mudogo.

Mama Mudogo ni mdogo wa mama yangu mzazi. Ndiye aliyenilea, Lusangi, baada ya mama kufariki. Nyumba yake ni ya matofali mabichi, aliyoyafinyanga mume wake mwenyewe. Baba Mudogo alipokufa aliacha kuta zilizonyooka na paa la nyasi. Sehemu nyingine za ukuta bado ungeona vidole vyake, pale alipopaka udongo kwa mkono. Nyasi zilikuwa zimeoza, zinavuja. Miaka na miaka Mama Mudogo aliuza mpunga na karanga zake akitafuta mabati, na alipoweza, alinituma mimi. Hakumtuma mwanawe Sumaili, wala mfanyabiashara mzoefu. Alinituma mimi, kwa sababu alisema mimi sikosei.

Na mipango yote ilikuwa yangu. Mvua za kwanza zilikuwa karibu. Boriti za zamani zilitakiwa kung'olewa na kuwekwa mpya, kazi ya siku kadhaa. Nikawaambia: nikifika makutano nitakuwa na netiweki, mtanipigia, nami nitawaambia lini mtoe nyasi. Wakati ninyi mnafunga boriti, mabati yanashuka Samba na kuvuka mto. Hakuna siku itakayopotea. Niliipenda sana hesabu hiyo.

Tulikaribia makutano mchana. Nilisimama kabisa, nimeshika ubavu wa behewa, nikingoja mwili uvutwe na ile reli iliyopinda. Haukuvutwa. Tulinyoosha, tukaingia kituoni.

Nikajiambia labda ni mafuta. Kisha nikasikia chuma kikifunguliwa. Mabehewa kadhaa ya mbele yakavutwa, yakaachwa kwenye reli nyingine. Halafu kichwa cha treni kikapita kando yetu taratibu, kikatangulia, kikarudi nyuma, kikajifunga mbele ya pua zetu. Sisi wa mkiani tukawa wa kwanza.

"Enjeniere," Mama wa sabuni akasema, "leo tuko wakubwa. Tuko mbele."

Sikucheka. Vijiti vyangu vya mchikichi vyote vilikuwa vimegeuka kichwani. Nilielewa palepale, ndugu zangu. Naomba mnisikie hapo, kwa sababu watu wengi hudhani sikuelewa. Nilielewa!

Milango ya behewa lile la mizigo ilikuwa imefungwa kwa waya na muhuri. Ningeweza kumfuata mkuu wa kituo, nikaomba tufungue, tupange upya. Labda angekataa, labda angenitukana. Lakini kuomba ni kusema nimekosea, mbele ya Mama wa sabuni na makonvoyeri wote. Sikwenda.

Nikiwa bado nimesimama, simu ikalia. Sumaili. Nilijua amepanda kwenye kile kichuguu nyuma ya shule, mahali pekee anapopata netiweki.

"Yaya," ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "vijana wa kanisa wako hapa. Kesho wanaenda mashambani. Tutoe nyasi ao tungoje?"

Niliangalia lile behewa. Mlango wa mabati ulikuwa sasa upande wa kulia. Nilijua kwamba Samba, upande wa kulia, kuna mabehewa mabovu yaliyosimama kwenye reli ya pili, karibu mno na njia. Mtu mwembamba anapita pale kwa ubavu. Bati refu halipiti.

Nikasema: "Toeni."

"Uko na uhakika?"

"Mimi nilishakosea lini?"

Akacheka, akakata simu. Ni hilo. Ndilo ungamo langu. Mengine yote ni maelezo.

Kutoka makutano hadi Samba safari ni ndefu, na netiweki inakuja na kuondoka. Kila ilipokuja niliishika simu. Nilijiambia labda yale mabovu yameshaondolewa. Nilijiambia labda mkuu wa Samba atatuvumilia tushushe kila kitu. Niliomba Mungu abadilishe kituo kizima ili mimi nisipige simu moja. Ndivyo kiburi cha mtu mwoga kinavyofanya kazi.

Samba, mabovu yalikuwa palepale. Mlango wa upande wa ghala tulipoufungua tulikutana na ukuta wa saruji na chumvi ya Kindu, umeshindiliwa mpaka darini, kazi yangu mwenyewe, hakuna pa kupitisha hata mkono. Upande wa pili mlango ulifunguka, mabati nikayaona, nikayagusa. Tulijaribu kutoa bati moja, likagonga behewa bovu, likarudi ndani. Nikamwomba mkuu wa kituo muda wa kushusha saruji yote. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba reli ni moja tu, kuna treni inayongoja mbele, na angenipa muda kama kungekuwa na njia katikati.

Mama wa sabuni alishuka na katoni zake. Hakunicheka. Alisema tu, "Pole, mutoto wangu," na hiyo iliniuma zaidi.

Treni ikaenda na mabati Kindu, nami nikiwa juu yake. Kuyarudisha kulichukua majuma. Treni ya kurudi ilichelewa, ikaharibika, ikachelewa tena. Na mvua, ambayo haijui habari ya reli, ikaanza.

Sumaili alinisimulia baadaye. Waliazima turubai kanisani, likafunika chumba kimoja. Usiku wa upepo likapasuka. Ukuta wa mbele ulianza kulainika kutoka juu, kama sabuni. Mama Mudogo alikuwa akitoka kwenye mvua na majani ya migomba, akiyalaza juu ya kuta na kuyakandamiza kwa mawe. Ukuta ukaanguka hivyo hivyo na majani yake, na wa pili ukaufuata.

Nilifika Lusangi na baiskeli za kusukuma, mabati yamefungwa ubavuni, hakuna hata moja lililokunjika. Nilikuwa nimeyafunga vizuri sana. Hakukuwa na nyumba ya kuyaweka. Mama Mudogo alikuwa anaishi katika jiko. Alinikaribisha, akanipa bugali na sombe, yale majani ya muhogo, akangoja nile.

Kisha akaniuliza: "Ulijua lini?"

Nikamwambia nilijua tulipofika Samba. Nikasema watu wa reli waligeuza behewa bila kutuambia. Majirani wakawalaani watu wa reli jioni nzima, nami nikakaa pale nikisikiliza, nikitikisa kichwa. Aibu gani hiyo! Dereva wa treni ile hakunikosea chochote. Alifanya alichotumwa kufanya.

Kiangazi kilipofika nilirudi kumfyatulia matofali. Tulikuwa tunakanyaga udongo pamoja, yeye na mimi, na sikuweza tena. Nilimwambia kuhusu makutano, kichwa cha treni, na ile simu ya Sumaili. Nilimwambia nilikuwa nimeshaona kabla sijamjibu.

Aliacha kukanyaga. Nilitamani anitukane.

"Ungesema tu 'sijui,'" akasema. "Nyasi zingebaki juu. Tungengoja."

Akatoka, akaenda kunawa. Siku ile hatukufyatua tena.

Kesho yake alirudi kazini, tukamaliza. Nyumba mpya ipo, ni ndogo kuliko ile, ina mabati. Vidole vya Baba Mudogo havimo ukutani. Mama Mudogo ananipenda, najua, ananipikia nikija. Lakini akitaka kitu kutoka ziwani au Kasongo anamtuma Sumaili. Mimi hanitumi kitu. Hajasema kwa nini, nami sijauliza.

Wewe kijana unayejifundisha mambo mwenyewe kama mimi, nakuomba. Kutokujua hakuangushi nyumba ya mtu. Kukosea pia, mara nyingi, watu wanakuvumilia. Kinachoangusha nyumba ni ile saa unapokuwa umeshaona kosa lako, simu iko mkononi, na mtu anakuuliza kwa imani. Usimjibu kwa sauti ya uhakika wa jana. Mwambie angoje. Watacheka kidogo, kisha watakula chakula chao na kusahau. Mimi ningechekwa mchana mmoja tu.

Bado nafanya kazi ileile, nimechoka zaidi. Bado napanga viatu mlangoni. Ila sasa katika kila behewa ninalopakia naacha njia katikati, kutoka mlango hadi mlango, na wafanyabiashara wakilalamika nafasi inapotea nawaacha walalamike. Tukifika makutano nashuka, naenda kuuliza kama tutapita moja kwa moja au tutageuzwa. Na mtu akinipigia simu kabla sijauliza, namwambia sijui.